Uaminifu kwa nani? Jibu kwa mwalimu aliyepewa kipindi cha maadili

"Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili kazini, na muhula huu nimekabidhiwa kipindi cha maadili na uraia kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15. Nikiwauliza tunu zao binafsi ni zipi, wote huandika yale yale: upendo, heshima, uaminifu, amani. Wiki hiyo hiyo nimekamata kikaratasi cha majibu kikizungushwa kwenye jaribio, na hakuna hata mmoja aliyekubali kusema kimetoka kwa nani. Naomba kuuliza: mtu anazijuaje tunu zake za kweli? Zinahusianaje na kuwa raia mwema? Na mambo haya yanafundishika, au tunapoteza muda? Mwanafunzi mmoja aliniuliza, 'Na wewe mwalimu, zako ni zipi?' Nikabaki natabasamu tu."

Marahaba, mwalimu. Nianze na kile kikaratasi, maana nusu ya majibu yako imo humo.

Unavyoona wewe, darasa liliandika "uaminifu", siku mbili tatu baadaye likaangalizia, kwa hiyo lilipoandika lilikuwa linakudanganya. Mimi nasita. Ulipouliza kikaratasi kimetoka kwa nani wakafunga midomo, walikuwa waaminifu hasa, kwa mwenzao. Kiswahili kimelibebesha neno hili moja mizigo miwili ambayo mara nyingi haikai begani pamoja: mwaminifu ni asiyedanganya, na mwaminifu vilevile ni asiyemsaliti mwenzake. Mtoto aliyekataa kutaja jina alichagua uaminifu wa pili akauacha wa kwanza, na sitashangaa nikisikia kwamba usiku ule alilala akijiona mtu mwema. Swali ambalo darasa lako halijawahi kuulizwa ni hili: uaminifu kwa nani?

Neno tunu lenyewe lina maana ya kitu adimu kinachoenziwa. Ndiyo maana mhitimu hutunukiwa shahada. Mtu akiulizwa anaenzi nini, hutaja vyote vizuri, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Hakuna anayeandika "kupendwa na kundi" kwenye daftari la maadili, ingawa kwa mtoto wa miaka 14 hiyo huenda ndiyo yenye nguvu kuliko zote alizoziandika. Orodha haimgharimu mtu kitu. Tunu huonekana pale mbili zinapofika mlangoni kwa wakati mmoja na ndani kuna nafasi ya moja.

Waliochunguza jambo hili kwa undani walilitambua mapema. Milton Rokeach, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Marekani, mwaka 1973 alitoa orodha mbili zenye tunu 18 kila moja. Ya kwanza ni ya mambo ambayo mtu anatamani kuyafikia, kama uhuru, usalama wa familia, amani ya dunia. Ya pili ni ya mwenendo wa kumfikisha huko, kama ujasiri, utiifu, ukweli. Orodha kama hizo ungeweza kuziandika hata wewe. Ujanja wake ulikuwa kumtaka mtu azipange kuanzia ya 1 hadi ya 18. Hapo jibu la "zote ni muhimu" hukosa pa kukaa, na mtu hulazimika kuamua kama uhuru uko juu ya usalama au chini yake.

Baadaye, mwaka 1992, Shalom Schwartz alichapisha utafiti uliofanyika katika nchi 20, akazipanga tunu 10 za msingi kwenye duara. Zinazokaa jirani husaidiana, zinazotazamana hukinzana. Anayesukumwa sana na mamlaka na mafanikio yake binafsi yuko upande mmoja wa duara. Kujali wengine kuko upande wa pili. Hamu ya kujiamulia mambo inatazamana na kushika mapokeo na kutii taratibu. Katika duara hilo kuna jambo moja naomba ulishike, kwa sababu ndilo litakalolijibu swali lako la pili. Schwartz alitenganisha kuwatendea wema watu wako wa karibu na kujali watu wote, wakiwemo usiowajua kabisa. Zinakaa jirani, na zote zinahusu kuwajali wengine, lakini ni tunu mbili.

Nikuonyeshe jinsi nilivyokutana na tofauti hiyo darasani. Nina zoezi la vikaratasi vinane. Kila mwanafunzi anaandika tunu moja kwenye kila kikaratasi, kisha nasimulia visa vifupi, na kila kisa kinamlazimisha kuchana kimoja. Siku hiyo msichana mmoja alibakiwa na viwili: "familia" na "ukweli". Nikasimulia: kaka yako amevunja kioo cha dirisha, umemwona kwa macho yako, na mtoto mwingine usiyemfahamu analaumiwa na anakaribia kuadhibiwa. Alichana "ukweli" bila hata kufikiri, akanitazama kama anayesema leta kingine. Nikabadilisha kitu kimoja tu: yule anayelaumiwa ni rafiki yako unayekaa naye dawati moja. Alivitazama vile vipande viwili mezani kwa muda, halafu akaniomba gundi.

Sijawahi kupata somo bora kuhusu tunu binafsi kuliko ile gundi. Ukweli wake ulikuwepo tangu mwanzo, na wala hakuwa mtoto mwongo. Ila ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulipita kati ya anayemjua na asiyemjua. Hakujua kwamba upo mpaka mpaka alipougonga. (Lugha yetu ina ucheshi wake.)

Kwa hiyo anayetaka kuzijua tunu zake nisingempa orodha achague. Ningemwomba atazame wiki yake iliyopita kwa maswali matatu. Nilikasirikia nini kuliko nilivyotarajia? Hasira hutoka pale kitu unachokithamini kinapokanyagwa, na mara nyingi hujitokeza kabla mwenyewe hujajua kwamba unakithamini. Nilificha nini? Tunachokificha hutuonyesha kipimo tunachojua kwamba hatujakifikia. Asiyejali ukweli hahangaiki kuficha uongo wake. Na nilitumia muda wangu wapi bila kusukumwa na mtu? Waandike wenyewe, daftari lisikusanywe, usilisome. Ukilisoma tu, wiki ijayo utaletewa tena upendo, heshima, uaminifu na amani.

Heshima nayo ni neno la kuangalia vizuri. Wakiliandika, waulize maana yake ni kumsikiliza mtu au ni kunyamaza mbele ya mkubwa. Utapata majibu yote mawili kwenye dawati moja.

Sasa tuje kwenye uraia. Raia ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake inagusa uchungaji: raia ni kundi linalochungwa. Siku hizi tunamtaka raia anayeweza kumuuliza mchungaji tunaelekea wapi, lakini shule nyingi bado zinamlea yule wa zamani. Mwanafunzi anayeitwa raia mwema ni yule anayefika mapema, hatupi takataka, hapigi kelele. Si vibaya. Ila sifa zote hizo zinaweza kuwa za mtu ambaye hajawahi kufikiria jambo lolote nje ya nafsi yake.

Joel Westheimer na Joseph Kahne, mwaka 2004, waliandika kwamba programu za elimu ya uraia walizozichunguza zilikuwa zinalenga raia wa aina tatu tofauti bila wenyewe kukiri hivyo. Nitumie mfano wangu: bomba la maji la shule linavuja. Wa kwanza akipita hulifunga vizuri, na nyumbani kwake hapotezi maji. Huyu ni raia anayewajibika binafsi. Wa pili anaitisha kikao cha darasa, anaandika barua kwa mkuu wa shule, anapanga zamu za kuliangalia hadi litengenezwe. Huyu ni raia mshiriki. Wa tatu anauliza kwa nini ni bomba la upande huu tu linaloharibika kila muhula wakati la upande wa ofisi halijawahi, nani hupanga matengenezo, na kwa utaratibu gani. Huyu anatafuta haki. Shule hupenda kumpa cheti wa kwanza, humvumilia wa pili, na wa tatu huitwa msumbufu. Mimi nadhani bomba linawahitaji wote watatu, na maswali ya yule wa tatu bila mikono ya wa pili hayazuii hata tone. Lakini kama kipindi chako kinamzalisha wa kwanza peke yake, basi kipindi hicho ni cha nidhamu, na kiitwe hivyo.

Uhusiano wa tunu binafsi na uraia, kwa maoni yangu, uko kwenye ule mpaka wa msichana wa gundi. Wema kwa walio wetu tunazaliwa karibu nao. Kila familia hufundisha, hata kundi la wanaoangalizia hufundishana. Uraia huanza pale anayenufaika na uaminifu wangu ni mtu ambaye hatanijua wala hatanishukuru. Anayelipa kodi hamjui mgonjwa atakayetibiwa kwa kodi hiyo. Anayepanga foleni wakati karani ni ndugu yake anamtendea haki mtu aliye mbele yake asiyemjua jina. Neno maadili nalo limetokana na adili, yaani haki, na haki haina maana kubwa kama inaishia kwa ndugu. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ambalo wengi hulikumbuka kwa haki tu, lina kifungu cha 29 kinachosema kila mtu ana wajibu kwa jamii, kwa kuwa ni ndani ya jamii tu ndipo nafsi yake inaweza kukua kwa uhuru na ukamilifu. Watu hawakifiki kifungu hicho kwa sababu kiko karibu na mwisho.

Na kile kikaratasi? Nani aliumizwa nacho? Ni mtoto aliyesoma usiku akapata alama za chini kuliko walioangalizia. Pengine ameketi darasani humo humo, kimya. Anza kipindi kijacho na huyo, bila kumtaja na bila kumtafuta aliyeandika majibu. Waambie tu: mlikuwa waaminifu kwa mmoja, kuna mwingine mlimwacha, tuzungumze.

Swali lako la tatu, kama mambo haya yanafundishika, lina historia isiyofurahisha sana kwetu walimu. Kati ya mwaka 1928 na 1930, Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha nchini Marekani matokeo ya kuwapima watoto zaidi ya 10,000 katika nafasi za kudanganya, kuiba na kusema uongo. Walikuta kwamba watoto hawagawanyiki katika waaminifu na wadanganyifu. Aliyeangalizia kwenye mtihani huenda asiguse fedha iliyoachwa mezani, na kinyume chake; mazingira yalikuwa na sauti kubwa. Kuyajua mema kwenye karatasi kulitabiri kwa kiasi kidogo tu mtoto atatenda nini, na mahubiri ya maadili hayakuonekana kuwaongezea uaminifu wa maana.

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walilipima jambo hilo kwa watu wazima, tena wanafunzi 40 wa chuo cha teolojia cha Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kutoa maneno machache. Baadhi walipewa mada ya Msamaria Mwema, yule wa kwenye Biblia aliyesimama kumsaidia mgeni aliyejeruhiwa njiani. Njiani kulikuwa na mtu amejiinamia mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana muda wa kutosha walisimama asilimia 63. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kwenda kuhubiri habari za Msamaria Mwema hakukuleta tofauti iliyothibitika. Kila ninapokimbizana na mtaala ili nimalize mada ya huruma kabla ya kengele, hunijia picha ya wale waliochelewa.

Usikate tamaa hapo. Utafiti huu unasema kuhubiri peke yake kuna faida ndogo, na unasema mazingira hufundisha. Basi tengeneza mazingira.

Kuna walioshindwa kwa kuteleza upande wa pili. Louis Raths na wenzake, mwaka 1966, walieneza njia ya kumsaidia mwanafunzi kujitambulia tunu zake: achague kwa hiari, kati ya njia zaidi ya moja, akijua matokeo, aringie alichochagua, akitende, arudie kukitenda. Kama kipimo cha tunu ya kweli, sijaona kizuri zaidi, hasa pale pa kutenda na kurudia. Lakini mwalimu alitakiwa asiegemee upande wowote, na wakosoaji wakauliza swali la haki: mwanafunzi akichagua kwa hiari, kwa fahari na kwa kurudia kuwaonea wadogo, utamwambia nini? Mimi simwachii. Darasani kwangu hadhi ya kila mtu haipigiwi kura. Mengine mengi yanajadilika.

Lawrence Kohlberg, aliyejulikana kwa visa vyake vya njiapanda na ngazi zake za ukuaji wa fikra za maadili, naye aliona visa vya kubuni havitoshi. Mwaka 1974 alishiriki kuanzisha Cluster School huko Cambridge, Massachusetts, shule ndogo ambamo mwanafunzi na mwalimu kila mmoja alikuwa na kura moja katika mkutano wa wiki. Wakati fulani fedha ziliibwa kutoka mkoba wa mwanafunzi. Mazungumzo ya kawaida yangekuwa nani kaiba, na kila asiyeiba angeona halimhusu. Mkutano ulifikia uamuzi kwamba kila mmoja achangie senti chache kumrudishia aliyeibiwa, kwa hoja kwamba kuibiwa kwa mmoja ni kosa la jamii nzima iliyoshindwa kumjengea mahali salama. Walikuwa vijana wa kawaida. Hakuna mhadhara ambao ungewafikisha kwenye hoja hiyo haraka kuliko mkoba mmoja mtupu na mamlaka ya kweli ya kuamua.

Huhitaji shule nzima kufanya hivyo. Utafiti wa elimu ya uraia wa shirika la kimataifa la IEA, uliofanyika mwaka 1999 kwa wanafunzi takriban 90,000 wa miaka 14 katika nchi 28, ulionyesha kwamba madarasa ambayo wanafunzi wanahisi wako huru kujadili na kupingana huenda pamoja na ujuzi mkubwa zaidi wa uraia na utayari wa kushiriki. Anza na jambo dogo ambalo darasa linaweza kuliamua na uamuzi ukasimama: zamu za usafi, mpangilio wa kukaa, nini kifanyike kazi ya kikundi ikifanywa na mmoja. Wakiamua vibaya, waache waishi na uamuzi wao kwa wiki mbili. Ukiugeuza siku ya pili kwa sababu haukukupendeza, wamejifunza uraia wa aina moja: wa kusubiri mwenye rungu aseme.

Zawadi ziweke mbali. Mwaka 1973 huo huo, Mark Lepper na wenzake waliwaahidi watoto wa chekechea cheti kwa kuchora, jambo walilolipenda tangu awali. Wiki moja hadi mbili baadaye, watoto hao walichora kwa hiari karibu nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Cheti cha "mwanafunzi mwaminifu wa mwezi" nacho kina hatari hiyo.

Alama pia. Japani, ilipolifanya somo la maadili kuwa somo maalumu rasmi katika shule za msingi mwaka 2018, ilielekeza kwamba mwanafunzi asipewe alama za namba, mwalimu aandike maelezo ya alivyomwona akikua. Kama shule yako inakulazimisha kuweka alama, weka alama kwenye ubora wa hoja, hata hoja usiyoipenda.

Limebaki swali la yule mwanafunzi: na wewe mwalimu, zako ni zipi? Usimjibu kwa orodha. Mpe kisa ambacho hukung'aa. Mimi huwapa hiki.

Nikiwa bado kijana kazini, mvulana mmoja alikuja mezani na karatasi yake ya mtihani akasema, "Mwalimu, umenijumlishia vibaya. Umenizidishia saba." Nikampongeza mbele ya wote, nikachukua kalamu nyekundu, nikapunguza saba. Alishuka nafasi nne. Wenzake walimcheka njia nzima, na mimi nilikwenda nyumbani nikijiona nimefundisha uaminifu. Muhula uliofuata nilikosea tena kujumlisha, karatasi kadhaa. Walioonewa walikuja wote. Aliyezidishiwa hakuja hata mmoja, na yule mvulana alikuwa miongoni mwa waliozidishiwa.

Makosa hayo niliyagundua mwenyewe kwa kupitia upya karatasi. Nikalipeleka jambo darasani, bila majina, nikauliza tufanyeje. Walibishana vipindi viwili. Kuna waliotaka anayejitokeza aachiwe alama zake kama shukrani; wakapingwa kwamba hizo alama si mali ya mwalimu za kugawa, ni nafasi ya mtu mwingine kwenye orodha. Mwisho walikubaliana kwamba alama zilizozidi zipunguzwe kila mara, lakini mwalimu ndiye atakayesimama mbele ya darasa kusema amekosea kujumlisha, na jina la mwanafunzi lisitajwe. Tangu hapo husimama mara mbili au tatu kila mwaka.